Uzi: Sensa za bei nafuu za kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, ipi ununue na ipi uiache dukani

Fundi Magamba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi simu hapa Lushoto, jioni mkulima wa viazi mviringo na nyanya kama nusu ya majirani zangu. Huu ni mwaka wa tatu nina kituo cha hali ya hewa nilichokiunga mwenyewe kando ya shamba. Vijana kadhaa wamenifuata inbox kuuliza wanunue sensa zipi, na kila nikimaliza kumjibu mmoja anabisha hodi mwingine. Nimeona niandike hapa nipumzike.

Kwanza kilichonisukuma. Wanaolima viazi wanaujua ugonjwa wa bakajani chelewa. Jumatatu umeacha shamba la kijani, Ijumaa unakuta majani yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Dawa ya kuzuia ni ghali, na ukipiga kila wiki kwa hofu tu, faida yote inaishia kwenye duka la pembejeo. Waingereza walikuwa na kanuni yao ya mwaka 1956, waliyoitumia hadi 2017, ya mtu aliyeitwa Smith: zikipita siku 2 mfululizo joto halijashuka chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu wa hewa umekaa asilimia 90 au zaidi kwa masaa 11 au zaidi, kaa chonjo. Ni kanuni ya kwao, huku naitumia kama mwongozo tu. Lakini oneni inachodai: sensa yangu ijue kutofautisha 90 na 85. Hapo ndipo hela yangu ya kwanza ilipoyeyukia.

Nilinunua DHT11. Ile ya bluu yenye matundu, Kariakoo imejaa tele na kila somo la YouTube linaanza nayo. Karatasi yake ya vipimo inakiri yenyewe: kwenye unyevu inakosea mpaka asilimia 5 juu au chini, kwenye joto nyuzi 2. Maana yake ikiniambia 90, ukweli unaweza kuwa 85 na nimepiga dawa bure, au ikiniambia 86 na ukweli ni 91 nimelala usingizi huku ugonjwa unaingia. Ya kufundishia watoto darasani, sawa. Ya shambani iache dukani.

Nikapanda daraja, DHT22, ile nyeupe. Kwenye karatasi ni asilimia 2 na nusu nyuzi. Miezi ya mwanzo nilifurahi. Ukaja msimu wa ukungu, Juni na Julai, huku tunaamka nao na kulala nao. Sensa ikapanda mpaka 99.9 ikakwama. Jua la saa saba limetoka, nguo kwenye kamba zimekauka, yenyewe bado 99.9. Nimeongea na wengi wenye kilio hicho hicho. Ikikaa kwenye unyevu mkubwa siku nyingi inapotea, na kurudi kwake ni bahati.

Sasa nguzo yangu ina SHT31 ya Sensirion, kampuni ya Uswisi. Unyevu asilimia 2, joto karibu nyuzi 0.3, na ndani ina kijihita kidogo unachoweza kukiwasha kwa programu kikaikausha ikilowa. Kwa mtu mwenye shida yangu ya ukungu, hii ndiyo. Mfuko ukiwa mwepesi kuna AHT20, ambayo kwenye karatasi inakaribiana nayo kabisa, na mara nyingi inauzwa ikiwa bodi moja na BMP280 ya mgandamizo wa hewa. Ile bodi ya pamoja ndiyo naiona bora kuliko zote kwa anayeanza, na wala watu hawaizungumzii.

Na BME280 je? Nzuri, ya Bosch, inapima joto, unyevu na mgandamizo kwa mpigo. Lakini soko limechafuka. Niliagiza mbili mtandaoni, muuzaji simtaji, zikaja na maandishi yote sahihi na zote mbili zilikuwa BMP280, ile isiyo na unyevu. Tazama kile kibati kidogo cha juu: BME280 ni mraba kamili, milimita 2.5 kila upande. BMP280 ni mstatili, 2 kwa 2.5. Kwa macho ya kawaida hutaona, chukua lensi au piga picha na simu uvute. Ukishaiunga, isome rejista 0xD0, pale chipu inapotunza kitambulisho chake. Ikijibu 0x60 una BME280 halali. Ikijibu 0x58 umepigwa.

Nitaendelea na kibanda na mvua, kuna mteja hapa na kioo cha simu.


Nyaya Tupu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu bei?


Fundi Magamba

Nilizolipa mimi, msinishike nazo maana dola haitulii: DHT11 elfu 6, DHT22 elfu 15, bodi ya AHT20 na BMP280 elfu 12, SHT31 elfu 22. ESP32, ile bodi ndogo inayozisoma sensa, elfu 25. Ukiagiza nje inashuka karibu nusu ila unasubiri mwezi na zaidi, na ikija siyo yenyewe utamlilia nani.


Chuma Ulete

Kwa heshima zote mleta uzi, hii ni kazi ya kujichosha. Simu ina app ya hali ya hewa, TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa taarifa kila siku redioni bure. Elfu hamsini hiyo si ununue mbolea?


Fundi Magamba

Chuma Ulete mbolea nimenunua pia.

Nikujibu vizuri. App ya simu haina kipimo chochote shambani kwako. Inachukua hesabu ya kompyuta iliyogawa dunia kwenye vipande vya kilomita nyingi, na ndani ya kipande kimoja cha Usambara kuna mlima, bonde, msitu na jua na mvua kwa wakati mmoja. Mwaka huu masika nimesimama kwangu nimelowa chapachapa, nikampigia shemeji yangu ng'ambo ya bonde, hata kilomita 4 hazifiki, ananiambia anapepeta maharage. App ilituambia sote wawili kitu kimoja.

TMA nawasikiliza kila siku. Wao wananiambia kesho. Kituo changu kinaniambia jana na leo hapa nilipo, na bakajani inajali hapa nilipo. Na kwa wale wanaotaka kuanza kutangazia kijiji utabiri kwenye grupu la WhatsApp: kutoa utabiri kwa umma ni kazi ya mamlaka, ina sheria yake. Ongeeni nao kwanza.


Mwl Fizikia

Kuongezea hapo, wataalamu wenyewe hawazidharau sensa hizi. Kuna mradi wa 3D-PAWS ulioanzia kwa wanasayansi wa UCAR, shirika la utafiti wa anga la Marekani, wanachapa vipande vya kituo kwa printa ya 3D na ndani wanatia vijichipu vya bei ya chini vya familia hizi hizi. Vituo vyake vimewekwa Zambia na Kenya. Upande mwingine kuna TAHMO, mtandao wa vituo vya hali ya hewa, wao wanalenga vituo 20,000 Afrika nzima, na wamechagua kifaa kisicho na kitu kinachozunguka wala kupinduka: mvua inahesabiwa matone, upepo unapimwa kwa mawimbi ya sauti. Hicho hatukiwezi kwa mfuko wetu, ila sababu yao tuichukue. Kila kinachojongea kwenye kituo ndicho kitakachoharibika kwanza.


Kabichi Moja

Niaje wadau, mimi niko Kinangop, pia ni mtu wa viazi. Nimenunua BMP280 Luthuli hapo Nairobi, joto inasoma poa lakini pressure inaniambia 757. Simu inaniambia 1018. Nirudishe?


Mwl Fizikia

Usirudishe, iko sawa. Wewe uko juu, Kinangop ni kama mita 2,500. Simu inakuonyesha mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba uko ufukweni, ili ramani ya nchi nzima ilingane. Sensa inakuambia hewa halisi iliyo juu ya kichwa chako. Karibu na bahari, kila ukipanda mita 8 hivi unapoteza hPa 1 (hPa ndicho kizio cha hizo namba zako za mgandamizo), na kadiri unavyokwenda juu hatua hiyo inarefuka. Fundi wetu wa Lushoto mita 1,400 atakuwa anasoma 860 na kitu.


Fundi Magamba

861 sasa hivi.


Kabichi Moja

Sawa sawa. Nilikuwa nishavaa viatu nikamgombeze mtu.


Mwl Fizikia

Na nikupe kipimo kizuri cha kujua sensa ya mgandamizo ni nzima, huhitaji kifaa kingine. Iache irekodi siku 3 kila dakika 10, kisha chora mstari. Huku kwetu karibu na ikweta hewa ina kupwa na kujaa kama bahari, mara mbili kwa siku. Inapanda kileleni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, inashuka chini kabisa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti ya juu na chini ni hPa 3 hivi, ndogo, lakini BMP280 inaona hata sehemu ya kumi ya hPa bila taabu. Ukiona vilima viwili kila siku kwa saa zake, sensa yako inaona vizuri. Ukiona mstari umenyooka au unarukaruka, kuna tatizo.

Ndiyo maana pia zile barometa za ukutani za Ulaya, za umbo la saa, zilizoandikwa mvua, mabadiliko, jua, huku hazisemi kitu. Kwao mgandamizo ukishuka dhoruba inakuja. Kwetu unashuka kila siku jioni, mvua iwepo isiwepo.


Nyaya Tupu

Mwalimu hiyo ya kupwa na kujaa hewa sijawahi kuisikia shuleni, na fizikia nilipata C.


Fundi Magamba

Nimerudi. Kibanda.

Hapa nisomeni taratibu kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu, nikiwemo mimi. Kituo changu cha kwanza nilikitia kwenye boksi la umeme la plastiki, lile la kijivu la kuzuia maji, nikafunga vizuri na silikoni, nikajipongeza. Siku ya pili saa 8 mchana kinaniambia nyuzi 41. Lushoto! Watu Julai tunavaa sweta na koti juu. Nilikuwa napima joto la boksi.

Sensa ya elfu 6 kwenye kivuli chenye upepo itakuambia ukweli kuliko ya laki juani. Vituo vya serikali mmeviona vina kile kibanda cheupe cha mbao zilizoinamishwa kama shata, hewa inapita ila jua na mvua haviingii. Chetu tunakitengeneza kwa visahani vyeupe vya plastiki, vile vya kuwekea chini ya vyungu vya maua. Nilitumia 8. Vya kati unatoboa tundu kubwa katikati sensa ikae humo, cha juu kabisa unakiacha kizima kiwe paa. Unavipanga kifudifudi, kimoja juu ya kingine, na vipande vya bomba la maji vya sentimita 2 vikivitenganisha, kisha vyuma vitatu vyenye uzi wa nati vinavipitia vyote. Ndani visahani vya chini nimepaka rangi nyeusi ili mwanga unaodunda kutoka ardhini usiifikie sensa. Kaa nacho urefu wa kifua, mita 1.25 mpaka 2 ndiyo inayokubalika, juu ya majani, mbali na ukuta na bati. Bati ni adui.

Na bodi ya ESP32 isikae humo na sensa. Inachemka. Nilipoihamishia kwenye boksi lake chini, joto la usiku lilishuka nyuzi 2 na nusu siku hiyo hiyo.


Kijiko cha Chai

Mkuu hapo kwenye kuhamisha bodi nimekwama. Nilifanya hivyo, nikavuta waya mita 5 kutoka bodi hadi BME280, sasa inasoma mara moja kati ya kumi, mara nyingine inakufa kabisa mpaka nizime.


Fundi Magamba

I2C, njia ambayo bodi na sensa hizi zinazungumza, haipendi waya mrefu, iliumbwa kwa ajili ya chipu zilizo kwenye bodi moja. Mimi waya wangu ni sentimita 60, boksi liko chini ya kibanda kwenye nguzo ile ile. Kama lazima iwe mbali, joto tumia DS18B20, ile ya kwenye kichuma cha kuzuia maji. Yenyewe inatembea kwenye waya mmoja wa data, mita 10 haisumbui, usisahau tu rizista ya kilo ohm 4.7 kati ya data na umeme. Ninayo moja nimeizika sentimita 10 kwenye udongo wa viazi. Ikikujibu 85 kamili usishtuke kwamba udongo unaungua, hiyo ndiyo namba inayoamka nayo, hujaipa muda wa kupima. Ipe robo tatu ya sekunde.


Mie Ukunda

Asalaam aleikum nyote. Fundi, hayo ya ukungu ni yenu wa milimani. Huku kwetu Ukunda adui ni upepo wa baharini. BME280 yangu haikumaliza mwaka, pini zimemea kijani, na bodi ukiigusa inapukutika. Nyumba yangu iko mita 300 kutoka ufuoni. Nifanyeje?


Fundi Magamba

Waalaikum salaam dada. Rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Sikutanii, mafundi simu tunaitumia. Paka pini zote na sehemu zote zenye solda, mara mbili, ikauke usiku kucha. Ila kile kitundu kidogo kwenye kibati cha sensa usikiguse hata kwa bahati mbaya, ndipo inapopumulia. Ziba kwa kipande cha tepu wakati unapaka, kisha toa. Na SHT31 kuna aina inayouzwa ikiwa na utando mweupe juu ya tundu, inazuia vumbi na matone, kwako wewe ningelipa hiyo nyongeza.


Mie Ukunda

Mume wangu akiniona napaka rangi ya kucha waya ataniitia mganga. Shukran, nitajaribu.


Mwl Fizikia

Dada wa Ukunda, chumvi hiyo hiyo inayokuudhi ndiyo itakayokupimia sensa. Chukua kifuniko cha soda, tia chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na sensa, zisigusane, funga kabisa, pitisha waya kwenye tundu uzibe. Acha usiku mzima ndani ya chumba ambacho joto halibadiliki. Hewa ya humo itatulia kwenye asilimia 75, hata joto likiwa 20 au 30 haihami. Sensa ikisoma 71 unajua inapunguza 4, unaziongeza kwenye programu. Wanafunzi wangu tuliweka DHT11 tano kwenye chupa moja, iliyosoma chini ilitoa 68 na ya juu 81.


Chuma Ulete

Hii ya chumvi naikubali.


Fundi Magamba

Kaingia mwenyewe.

Sasa mvua, na hapa sitaki haraka. Wengi mnanunua ile bodi ndogo yenye mistari ya bati inayoitwa sensa ya mvua. Haipimi mvua. Inajua imelowa au haijalowa, basi, na kwa kuwa umeme unapita kwenye maji juu ya mistari ile, wiki chache inaliwa kutu ikabaki plastiki. Hela ya bure. Ndugu yake ni ile ya unyevu wa udongo yenye miguu miwili ya kung'aa, hadithi ni ile ile. Ya udongo nunua ile ambayo chuma chake kimefunikwa chote.

Mvua inapimwa kwa kikombe cha kupinduka. Faneli inadondosha maji kwenye kijikombe chenye pande mbili kama bembea. Upande mmoja ukijaa unapinduka, unamwaga, mwingine unakaa chini ya tone. Katikati kuna kisumaku, kikipita mbele ya swichi ya sumaku bodi inahesabu moja. Vinauzwa kama vipuri vya vituo vya dukani, na vingi vimeandikwa milimita 0.2794 kwa kila kupinduka. Usiiamini namba hiyo mpaka uijaribu.

Cha kwangu faneli nimeikata mwenyewe, kipenyo sentimita 16. Hesabu: eneo lake ni sentimita za mraba 201, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 20 za maji. Nimeichagua 16 kwa makusudi, maana bomba la sindano la duka la dawa lina mililita 20. Bomba moja, milimita moja. Nilitia mabomba 10 polepole, tone kwa tone, ilinichukua zaidi ya nusu saa na mke wangu anauliza kama nimeanza kuumwa. Kikapinduka mara 38. Gawa 10 kwa 38 unapata milimita 0.263 kila mara. Hiyo ndiyo namba yangu.

Nikarudia kwa kumwaga haraka. Mara 34. Maji yaleyale! Kikombe kikiwa njiani kupinduka mvua haisubiri, maji yanaendelea kuingia upande ambao umeshajaa. Kwa hiyo mvua za vuli za kumwagika kama ndoo kituo kitakudanganya kwa kupunguza. Ndiyo maana pembeni nina kipima mvua cha mkono, nakisoma saa 3 asubuhi kama wanavyosoma vituo vyote vya nchi, nikilinganisha. Aprili kuna siku cha mkono kilitoa 34, cha sensa 29.

Na kuna siku cha mkono kilitoa 22, sensa 0. Nikatoa faneli nikakuta sisimizi wamehamia, wamejenga kwa udongo chini ya bembea, mayai na kila kitu. Tangu hapo nguzo ina pete ya grisi, na kwenye mdomo wa faneli nimeweka wavu wa chujio la chai.

Jingine dogo, swichi ile ikijifunga inadunda, bodi inaweza kuhesabu mara tatu kwa kupinduka kumoja. Kwenye programu mwambie akishahesabu apuuze kila kitu kwa robo sekunde.

Upepo nimeacha. Kipimo halali ni juu ya nguzo ya mita 10 mahali pa wazi, mimi nimezungukwa na mikaratusi. Ningekuwa napima mikaratusi.


Kijiko cha Chai

Umeme unapataje huko shamba?


Fundi Magamba

Faida ya kuwa fundi. Betri za laptop zilizokufa, ukizifungua ndani kuna seli 18650 sita, mara nyingi iliyokufa ni moja au mbili. Zipime moja moja, iliyoshuka chini ya volti 2 tupa. Seli moja, TP4056 ya kuchajia yenye kinga, paneli ndogo ya volti 6. Bodi inaamka kila dakika 10, inasoma, inaandika kwenye kadi ya SD, inalala. Angalizo: chipu ya ESP32 ikilala inakula umeme kiduchu kabisa, lakini zile bodi za kujifunzia zina taa na chipu ya USB ambazo hazilali. Nimeing'oa taa.

Intaneti natuma mara moja kwa saa kupitia simu ya zamani iliyowasha hotspot nyumbani.


Nyaya Tupu

Kwa anayetumia kadi ya SD lazima uwe na saa, kile kijibodi cha DS3231. Nilikuwa nacho kile cha bluu kikubwa chenye kishikio cha betri ya kidonge. Kimetengenezwa kuchaji betri, na betri ya CR2032 tunayonunua dukani haichajiwi. Yangu ilivimba. Kuna rizista ndogo ya ohm 200 karibu na dayodi ya kioo, ing'oe kabla hujatia betri.


Fundi Magamba

Hiyo sikuijua. Nimeenda kuangalia, yangu imeanza kutuna. Asante sana mkuu, umeniokolea kituo.


Kabichi Moja

Wadau nimerudi, wiki tatu sasa. Nilinunua BME280 ili nipate humidity ya hii kanuni ya Smith. Nimesoma 0xD0. Imejibu 0x58.


Chuma Ulete

😂😂😂


Fundi Magamba

Pole sana ndugu. Sasa una BMP280 mbili. Ya pili weka akiba, na unyevu nunua AHT20 peke yake, ni rahisi na hakuna anayejisumbua kuighushi. Anwani yake ni 0x38, hazitagongana.


Kabichi Moja

Sawa. Lakini ile ya kwanza niliiacha irekodi vile mwalimu alisema. Vilima viwili, saa nne asubuhi na saa nne usiku, siku zote tatu. Nimemwita mama aone, akaniuliza hiyo ni ECG ya moyo wa nani.